Siku ya Shukrani katika Nchi ya Tumefika

Namsifu binti Mbwambo alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuongeza neno la mtu wala hakulipunguza. Mshtakiwa akibabaika, alibabaika naye. Tajiri akitukana, alilifikisha tusi lake likiwa zima. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Nakunda, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Alijua lugha saba. Ya saba ilikuwa Kisindiro, aliyoipata kwa bibi yake mzaa mama, mwanamke aliyeolewa kutoka nchi ambayo pale milimani kwao hakuna aliyeijua. Na tangu bibi huyo azikwe, Namsifu hakupata tena mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo.

Kwa hiyo barua ilipomjia kutoka nchi iitwayo Tumefika, ikimwomba kwa adabu nyingi akatafsiri Kisindiro siku moja tu katika mwaka, moyo ulimruka. Nakunda alimkataza. Alisema barua yenye adabu nyingi kiasi kile ina jambo. Namsifu akamwambia atarudi kabla mtoto hajazaliwa. Njia aliyopita haina la kusimuliwa. Habari yenyewe inaanzia alipofika.

Alipokelewa na mkuu wa Idara ya Shukrani, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa, jina lake Bwana Radhi. Huyu ndiye aliyemweleza kwamba Tumefika ni nchi ya wahamiaji. Babu zao walikuja vizazi vitatu nyuma, wakawakuta Wasindiro wanalima kando ya mto, na kwa namna ambayo Bwana Radhi hakuitaja, Wasindiro wakajikuta wamehamia kwenye nyanda za mawe upande wa mashariki. Lakini sisi hatukusahau, alisema. Hakuna taifa linalokumbuka kama sisi.

Na kweli walikumbuka. Asubuhi ya kwanza Namsifu alikwenda buchani. Mwenye bucha aliweka kisu chini, akashika kifua, akatamka: "Twakiri kwamba ardhi hii ina wenyewe, nasi twawaheshimu." Ndipo akakata nyama. Kinyozi jirani alitamka hayo hayo wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Mbele kidogo, wanawake wawili waliokuwa wakigombania mpaka wa shamba walinyamaza, wakatamka kwa pamoja, kisha wakaendelea kubishana shamba ni la nani.

Namsifu alimuuliza mwenye bucha, kwa mazungumzo tu, hao wenyewe ni akina nani. Yule mtu alipauka. Alitazama ukuta wa mashariki wa bucha yake, akamfungia nyama haraka, akamwomba aende. Ndipo Namsifu alipoanza kuangalia nyumba, akaona kwamba katika mji mzima hakuna dirisha wala mlango uliofunguka upande wa mashariki.

Katika nchi hiyo kila kaya hutoa Hidaya. Ni kikapu cha mazao, hutolewa mara moja kwa mwaka, Siku ya Shukrani, mbele ya mwanamke mmoja wa Kisindiro anayekuja kuipokea kwa niaba ya watu wake. Sheria ya kwanza ya Hidaya inasema ni ya hiari na hakuna atakayelazimishwa. Sheria ya pili, yenye kurasa arobaini, inaeleza namna ya kuhiari. Asiyetoa haadhibiwi. Majirani humtembelea tu na kumjulia hali. Huja asubuhi, huja mchana, huja jioni, watano watano, wanakaa kimya sebuleni wakimtazama, mpaka siku atakapojisikia kutoa. Namsifu aliuliza mara tatu kama kuna mtu aliyewahi kudhurika, na mara tatu akaambiwa hakuna, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Yule mwanamke akishakigusa kikapu, Hidaya imepokelewa. Kikapu hurudi nyumbani kwa aliyekitoa. Bwana Radhi alieleza kwamba kumbebesha mwenye nchi mizigo kungekuwa kumvunjia heshima.

Siku nne kabla ya sherehe Namsifu alipelekwa Barazani kusikiliza. Wajumbe walikuwa katika wiki ya tatu ya mjadala mmoja: mtoaji aseme ardhi hii ina "wenyewe" au ina "waliotangulia". Mjumbe mmoja mwenye ndevu alisimama, akasema neno "mwenyewe" ni la hatari, maana mwenyewe anaweza kurudi, ilhali aliyetangulia ameshapita. Mwingine akajibu kwamba aliyetangulia anaweza akawa anatungoja mbele. Hapo watu kadhaa walijifuta jasho. Hakuna aliyecheka.

Ndipo akainuka mwanamke aliyekuwa amekaa nyuma, mikono yake imejaa makovu ya kuumwa na nyuki. Aliitwa Bi Kitambo, na ndiye aliyekuwa akileta nta kila Siku ya Shukrani. Nta hiyo ina kazi yake. Mwanamke wa Kisindiro anapofunua kinywa kusema, watu wote huziba masikio kwa nta. Akimaliza, huizibua na kumsikiliza mkalimani. Bwana Radhi alikuwa amemweleza Namsifu kwamba ni adabu tu: maneno ya mwenye nchi ni mazito, si kila sikio linayaweza.

Bi Kitambo alisema, "Nimeleta nta miaka kumi na minne. Naomba kuuliza jambo moja. Kwa nini hatumuulizi anataka nini?"

Hakuna aliyemkemea. Wajumbe walikusanya karatasi zao polepole, wakatoka mmoja mmoja bila kugeuka nyuma, mpaka mwanamke yule akabaki amesimama katika ukumbi mtupu. Kesho yake Namsifu aliporudi, kiti cha Bi Kitambo hakikuwapo. Bwana Radhi alisema Bi Kitambo ameamua kupumzika. Namsifu alipopita karibu na nyumba ya huyo mama, aliona viatu vingi mlangoni, vimepangwa vizuri. Majirani walikuwa wamekwenda kumjulia hali.

Siku hiyo hofu ilimwingia Namsifu na kukaa. Aliomba aonyeshwe mkalimani aliyemtangulia, na hakukataliwa. Alipelekwa kwenye nyumba kubwa yenye bustani, akamkuta mtu wa makamo aitwaye Shelukindo, Msambaa, mkalimani mwenzake wa mahakama, aliyekuwa naye na bibi wa Kisindiro, na ambaye jina lake Namsifu aliwahi kulisikia zamani. Huko nyumbani watu walidhani amekufa. Alikuwa amenenepa, amevaa vizuri, na vidole vyake havikutulia. Alipomwona mtu wa kwao alilia kidogo, kisha akafunga mlango.

"Dada, wamekupa karatasi?" aliuliza.

Alikuwa amepewa, ila alidhani ni ratiba. Aliitoa mkobani. Iliandikwa: *Asanteni wanangu. Kaeni kwa amani. Ardhi imeridhika.*

"Hiyo ndiyo tafsiri," Shelukindo alisema. "Nimeisema miaka kumi na mmoja. Yule mama akisema nini, tafsiri ni hiyo."

Namsifu alimuuliza yule mama husema nini hasa. Shelukindo alitikisa kichwa. Alisema husema neno lile lile kila mwaka, na kila mwaka yeye hulisikia peke yake kati ya watu elfu kumi, na sasa usiku halali, ndiyo maana wakatafuta mwingine. Kisha akamweleza lililo baya zaidi: katika nchi hii mtu aliyesikia haondoki. Hafungwi. Hupewa nyumba, hupewa bustani, na kila anapotaka kwenda kwao huombwa kwa upole asubiri. Yeye mwenyewe alikuja kwa siku moja, akamwacha mke wake ameinjika chakula.

"Kimbia leo," alisema. "Hujasikia bado."

Namsifu alichukua mkoba wake, akaenda moja kwa moja kwenye lango la magharibi. Mlinzi alimsalimu vizuri, akamwomba kibali cha kutoka. Namsifu alikwenda kukitafuta, akaambiwa ofisi ya vibali haikuwahi kuanzishwa, kwa kuwa katika Tumefika hakuna mtu aliyewahi kuzuiwa kutoka. Akarudi langoni kulisema hilo. Mlinzi akakubali kwamba ni kweli, hakuna anayezuiwa, na akaendelea kusimama mlangoni. Walisimama hivyo, wametazamana, mpaka Bwana Radhi akaja mwenyewe kumchukua, akamshika mkono kama mtu anavyomshika mamake, akamsihi asijichoshe na jua. Alimpa habari njema pia. Nyumba yake imepatikana. Ina vyumba vinane, na bustani yake ni kubwa kuliko ya Shelukindo.

"Sijaomba nyumba," Namsifu alisema.

"Hakuna anayeomba," Bwana Radhi akamjibu. "Utakaa kwa hiari."

Alfajiri ya Siku ya Shukrani Namsifu aliisoma tena ile karatasi. Alimfikiria Nakunda, akahesabu miezi. Alijiambia kwamba maneno ni ya wenye sherehe, si yake, na mtu mzima akipewa karatasi asome, anasoma.

Saa tatu uwanja ulikuwa umejaa. Watu elfu kumi walikaa na vikapu mapajani, nguo zao nyeupe, nyuso zao zimekakamaa kama za watu wanaongoja jibu la daktari. Ilipopigwa ngoma moja, walifungua njia pana kutoka upande wa mashariki, wakarudi nyuma wakikanyagana, maana ni mwiko kumgusa mwenye nchi, au kumgusa mtu anayeguswa naye. Wanaamini mkono utakaomgusa utakauka.

Namsifu alikuwa ametarajia mtu wa kutisha. Aliyekuja ni mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, amejifunga kitenge kilichopauka, ana mafua, anapenga kamasi kila baada ya hatua kumi. Jina lake Nyandeo. Alipita kati ya safu akigusa vikapu haraka haraka, kama mtu anayehesabu mbuzi wa watu wengine. Alipopita, watoaji walipumua. Wengine walitokwa na machozi. Ilimchukua hadi saa kumi. Kisha akapanda jukwaani, akasimama karibu na Namsifu, na watu elfu kumi wakainua mikono na kuziba masikio.

Nyandeo alimtazama Namsifu, akaona ni mgeni. Alisema Kisindiro cha bibi yake Namsifu, kile kile, hata namna ya kuvuta maneno ya mwisho.

"Na wewe pia utawadanganya?"

Nyandeo akageukia watu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyechoka kurudia:

"Sitaki vikapu. Mnavirudisha nyumbani, nami narudi mikono mitupu, tumecheza. Mto wa Kireo ulikuwa unashuka kwetu. Mliujengea lango mkaugeuza wote. Nimewaomba miaka ishirini: lifungueni siku mbili katika wiki, tunyweshe, tuoteshe. Siku tano ni zenu. Mwaka huu tumezika watoto tisa kwa maji ya madimbwi, na mmoja ni mjukuu wangu. Sitakuja tena. Nimemaliza."

Akapenga kamasi, akanyamaza. Mikono ikashuka. Nta ikatolewa. Watu wakamgeukia Namsifu, na katika macho yao aliona jambo ambalo alilijua vizuri kutoka kizimbani: macho ya mtu anayejua hukumu yake na anaomba asisomewe.

Bwana Radhi alikuwa chini ya jukwaa, akitabasamu. Karatasi ilikuwa mkononi. Namsifu alisema baadaye kwamba hakuwa jasiri hata kidogo. Neno la kwanza, "Asanteni", alilisoma kabisa, kwa sauti. Halafu ulimi ukakataa. Miaka ishirini na sita ulikuwa umefundishwa kitu kimoja tu, na haukujua kufanya kingine. Akaikunja karatasi. Akatafsiri neno kwa neno, vikapu, mto, lango, siku mbili, watoto tisa, mjukuu, mpaka "nimemaliza".

Hakuna aliyepiga kelele. Kisha mtu mmoja safu ya mbele akainua mkono na kurudisha nta sikioni. Aliye kando yake akafanya vivyo hivyo. Ikaenda safu kwa safu mpaka mwisho wa uwanja, maelfu ya watu wazima wakisukuma nta kwa vidole, wengine kwa nguvu hata wakajiumiza, huku macho yao hayabanduki kwake. Bwana Radhi alitangaza kwamba mkalimani ameugua ghafla na atapelekwa kupumzika. Aliwatangazia watu walioziba masikio. Walinzi wanne wakaanza kupanda ngazi.

Nyandeo alimvuta Namsifu kiwiko. "Umewaambia?"

"Nimewaambia, bibi. Wameziba."

"Lakini walisikia kabla ya kuziba?"

"Walisikia."

"Basi kuanzia leo hakuna asiyejua," Nyandeo alisema, akamshika mkono.

Walinzi walisimama ghafla, wakarudi ngazi moja. Aliyeguswa na mwenye nchi haguswi. Wanawake wawili wakashuka wameshikana mikono, wakapita katikati ya uwanja kuelekea mashariki, na umati ukawapisha kwa hofu ile ile ya asubuhi. Namsifu alitembea akihisi macho mgongoni kama moto. Hakuthubutu kuulegeza mkono ule mpaka nyumba ya mwisho ilipopotea nyuma ya mawe.

Nchi ya Wasindiro ilikuwa kama alivyoambiwa. Mfereji wa zamani ulipita katikati yake, umejengwa kwa ufundi, mkavu, na chini yake vumbi. Walimpa mahali pa kulala na wakamwonyesha njia ya kusini, ambayo ingemfikisha kwao bila kupita Tumefika tena. Alipumzika miguu, akaanza kufunga mkoba. Kila alipofunga, alisikia mahali fulani mtoto anakohoa, akaufungua.

Siku ya tisa, mchana, watu walisikia mlio katika mfereji. Maji yalikuja, machafu, yamebeba majani, hayafiki kifundo cha mguu. Watoto walikimbia. Namsifu alitarajia vigelegele. Nyandeo alichutama, akaweka kiganja majini, akamuuliza nani aliyefungua.

Namsifu alisema hajui. Akafikiri, akasema kuna mwanamke mmoja, mfugaji nyuki.

"Ana watu?"

"Nadhani hana."

"Basi huyo mtu yuko kwenye hatari sasa hivi," Nyandeo alisema, akainuka. Aliita watu. Wanaume na wanawake kama arobaini walichukua majembe, si kama silaha, ila ndivyo vitu vilivyokuwa mikononi. Hawakuwa wamewahi kupanda kwenye lango tangu lijengwe. Walipoanza kuondoka, Nyandeo alimwambia Namsifu kwamba njia yake ni ile ya kusini, na kwamba wamemshukuru, na hakuna anayemdai jambo.

Namsifu alitazama njia ya kusini. Ilikuwa tupu na nyeupe. Alimwona Nakunda, tumbo mbele, amesimama mlangoni. Aliogopa kuliko alivyoogopa jukwaani, maana pale hakuwa na njia nyingine, na hapa anayo. Kisha akakumbuka kwamba hao arobaini wakifika langoni hawatakuwa na mtu hata mmoja wa kuwaeleza wamekuja kufanya nini. Akatupa mkoba begani, akawafuata.

Walifika jua likiwa bado juu. Lango lilikuwa limeinuliwa nusu, na lililolizuia lisishuke ni watu. Bi Kitambo alikuwa majini hadi kifuani, mgongo wake umekandamizwa kwenye mbao, na pamoja naye watu kumi na mmoja, mwenye bucha akiwemo, midomo yao imekuwa ya samawati kwa baridi. Walikuwa hapo tangu alfajiri. Ng'ambo, juu ya ukingo, walisimama Bwana Radhi, walinzi na majirani wengi, wamepangwa vizuri, wakitamka kwa pamoja na bila kukoma kwamba ardhi hii ina wenyewe nao wanawaheshimu. Walipowaona wenyewe wakitokea na majembe, sauti zao zilipanda.

Bi Kitambo aligeuza shingo kwa shida. Aliwaona Wasindiro, akawaogopa pia, Namsifu aliliona hilo waziwazi. Hata hivyo alisema, meno yakigongana:

"Bi Namsifu, muulize kama siku mbili zitawatosha."

Namsifu alitafsiri. Nyandeo aliteremka mpaka ukingoni, akawatazama wale watu kumi na wawili majini, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Ng'ambo walinzi walikuwa wameanza kushuka.

"Mwambie atoke kwanza, atashikwa na homa," Nyandeo alisema, huku akijifunga kitenge juu ya magoti. "Sisi tutalishika lango. Hayo ya siku tutazungumza tukiwa tumekaa."

Akaingia majini, na watu wake wakamfuata. Namsifu alitafsiri yote, hakuongeza neno wala hakupunguza, ila sauti ilimtetemeka, na kutetemeka huko hakukuwa kwa mtu mwingine. Kulikuwa kwake mwenyewe.